Umri Usio na Dirisha

Ingia hospitali yoyote ya wilaya nchini Tanzania asubuhi, kabla foleni haijakolea, usome vibao. Kliniki ya mama na mtoto iko upande huu. Dirisha la wazee liko pale, na juu yake pameandikwa maneno ya kuwataka wengine wampishe mzee. CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ina jengo lake, mara nyingi limepakwa rangi vizuri kuliko mengine. Mtu wa miaka 47 mwenye presha hana kibao. Anapanga foleni ya jumla, analipia kumwona daktari, analipia vipimo, na mwisho anapewa karatasi ya dawa akanunue nje.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Sera ya Afya ya 2007 iliwasamehe gharama watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mwongozo wa msamaha unataja pia baadhi ya magonjwa sugu, lakini msamaha wa kwenye karatasi haujazi rafu ya dawa. Matokeo yake ni kwamba serikali humshika mtu mkono mpaka atimize miaka mitano, humrudia mwanamke kila anaposhika mimba, kisha hungoja mpaka 60. Hata ngao nyingine za jamii zimepangwa kwa mtindo huohuo: pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016, inaanzia miaka 70, fedha za wazee za Inua Jamii ya Kenya zinaanzia 70 vilevile, na masharti ya ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini yamefungwa kwenye kliniki za watoto na mahudhurio shuleni. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Lakini mtu maskini anayefariki akiwa na miaka 57 amelipa kodi kwenye sukari, sabuni na vocha maisha yake yote ya kazi, na dirisha lake hajaliona.

Umri huo wa katikati, tuseme 40 hadi 60, ndio unaobeba nyumba. Mtu wa makamo analipa ada, anamtumia mama yake kijijini hela ya dawa, na pengine analea mjukuu ambaye mama yake yuko mjini akitafuta maisha. Akipigwa kiharusi akiwa na miaka 52, haanguki peke yake. Mtoto wa kidato cha pili anarudishwa nyumbani, shamba linauzwa, na binti mkubwa anafunga genge lake ili apate wa kumgeuza baba kitandani. Swali la nani anaugua na nani anapona katika umri huu ni swali la uchumi wa ukoo mzima, na linastahili kipimo chake. Kipimo hicho tunacho vipande vipande. Na vipande hivyo, ukiviunganisha, vinaonyesha kwamba pengo kubwa la afya ya makamo halipo pale tulipozoea kulitafuta. Halipo sana kwenye nani anapata presha au sukari. Lipo kwenye nani anajua kwamba anayo, nani anapewa dawa, na nani bado anaimeza mwaka wa tatu.

Tuanze na kuhesabu, maana huko ndiko tatizo lilikoanzia. Takwimu nyingi za afya tunazozisikia redioni zinatokana na utafiti mmoja mkubwa wa kaya unaorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, ambao kwa Tanzania mara ya mwisho ulifanyika 2022. Utafiti huo unawahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Sababu inaeleweka: ulibuniwa ili kufuatilia uzazi, vifo vya watoto na uzazi wa mpango, na malengo ya dunia ya mwaka 2000 yaliupa nguvu zaidi, kwa kuwa yalizungumzia watoto, mama wajawazito, UKIMWI, malaria na kifua kikuu. Mwanamke akitimiza miaka 50 anatoka kwenye dodoso. Wanaume wa Tanzania nao wanaishia 49, Kenya wanasogezwa hadi 54. Ni umri uleule ambao mishipa inaanza kukakamaa na sukari inaanza kupanda, na ndipo mwandikaji wa takwimu anapofunga daftari.

Malengo ya 2015 yalirekebisha jambo hilo kwa kiasi. Lengo la 3.4 linataka vifo vya mapema vitokanavyo na magonjwa ya moyo, saratani, kisukari na magonjwa sugu ya njia ya hewa vipungue kwa theluthi moja ifikapo 2030, na kipimo chake ni uwezekano wa mtu aliyefika miaka 30 kufariki kwa magonjwa hayo kabla hajafika 70. Kipimo kizuri. Ila kinadai nchi ijue watu wake wanafariki na umri gani na kwa ugonjwa gani, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki maziko hufanyika bila cheti cha kifo chenye sababu iliyoandikwa na daktari. Takwimu za kitaifa za kipimo hicho, kwa hiyo, ni makadirio yaliyopikwa kwa kanuni za hesabu. Yanafaa kwa mikutano. Hayamwambii mganga mkuu wa wilaya kama watu wa kata yake ya mbali wanakufa mapema kuliko wa makao makuu.

Tanzania, ajabu ni kwamba, iliwahi kuwa mbele ya wengi katika hili. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Kaya zilihesabiwa kwa kurudiarudia. Msiba ukitokea, mhojaji alifika baada ya muda, akakaa na ndugu, akauliza kwa utaratibu: alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba miguu, upande mmoja ulilegea ghafla? Majibu yalipelekwa kwa madaktari wayasome na kukadiria sababu ya kifo. Dkt. Henry Kitange na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 1996 katika jarida la BMJ, picha ilikuwa wazi: mtu mzima wa Hai alikuwa na nafuu, na wa Morogoro Vijijini alikuwa na hali mbaya zaidi. Nchi moja, miaka ileile, na nafasi ya kufika 60 ilitegemea mtu aliishi wilaya gani.

Msingi huohuo ulizaa utafiti wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2010. Umri ukishasawazishwa, Hai ilipata wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata 315.9. Karibu mara tatu. Aliyezoea kudhani kwamba mjini ndiko kwenye afya, kwa kuwa ndiko kwenye hospitali, atafakari upya. Na aliyezoea kudhani kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi na magari ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu mitaa ile haikuwa ya matajiri wa Masaki.

Hapo pana utata unaotakiwa kusimamiwa kwa makini. Katika nchi zetu, ukipima presha, uzito na sukari nyumba kwa nyumba, mara nyingi utakuta wenye nacho wanazo kwa wingi sawa na maskini au zaidi. Mwanamke wa mjini mwenye kipato ana uwezekano mkubwa wa kuwa na unene uliopitiliza kuliko wa kijijini. Mwanasiasa akiona jedwali hilo anaweza kusema basi hakuna ukosefu wa usawa hapa, au tena umekaa upande wa matajiri. Ukiwauliza watu wenyewe kwa mdomo, hali ni ya kupotosha zaidi: wenye bima na elimu ndio watakaokwambia wana presha, kwa kuwa wamepimwa. Amartya Sen alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2002 kwa mfano wa India. Jimbo la Kerala, ambako watu waliishi muda mrefu kuliko kwingine, ndiko walikoripoti maradhi mengi. Bihar, ambako waliishi muda mfupi, waliripoti machache. Asiyewahi kupimwa hujiona mzima. Kwa hiyo dodoso linalouliza "je, una presha?" linapima umbali wa mtu kutoka kwenye mashine ya presha kabla halijapima presha yenyewe.

Ndiyo maana tafiti zinazobeba mashine ni muhimu. Utafiti wa Tanzania wa 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na karibu 9 kati ya 100 wana kisukari. Kenya ilifanya wake 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69, na uchambuzi wake ndio ninaorudia kila mtu anaponiambia kwamba tatizo letu ni mtindo wa maisha. Kati ya Wakenya waliokutwa na presha, asilimia 15.6 tu walikuwa wanajua. Kati ya waliojua, asilimia 26.9 walikuwa kwenye dawa. Kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 51.7 presha yao ilikuwa imeshuka panapotakiwa. Zidisha mwenyewe: katika kila watu mia wenye presha, kumi na sita wanajua, wanne wanameza dawa, wawili wako salama. Tisini na nane wanatembea na hatari.

Mlolongo huo, kujua, kutibiwa, kudhibitiwa, ndio kipimo ninachotaka kiwe cha kwanza kwenye meza ya mganga mkuu wa mkoa, na kigawanywe kwa kipato, jinsia, aina ya kazi na kata. Sababu moja ni kwamba hauhitaji cheti cha kifo. Nyingine ni kwamba unaonyesha mahali hasa watu wanapodondoka. Mahali hapo hapafanani kwa wote: wanaume wengi hudondoka mwanzoni kabisa, kwa kuwa hawajawahi kukanyaga kliniki tangu utotoni; wanawake maskini mara nyingi hujua hali yao, maana kadi ya kliniki ya uzazi iliwahi kuwaleta mbele ya mashine, kisha wakadondoka kwenye dawa.

Ukitaka kuona mdondoko huo kwa macho, simama jioni kwenye duka la dawa muhimu karibu na soko. Mama lishe anafika bado ana aproni. "Dada, nipe zile za presha." "Za mwezi, mama?" "Aa, leo za elfu mbili tu." Muuzaji hashangai. Anachukua mkasi, anakata kipande cha pakiti ya amlodipini, anakitia kwenye kibahasha cha khaki. Vikiisha vile, biashara ikiwa nzuri, mama atarudi. Ikiwa mvua imenyesha siku mbili na wateja hawakuja kula, atakaa wiki bila dawa na kichwa hakitamuuma hata kidogo, jambo litakalomthibitishia kwamba amepona. Amlodipini ni dawa ya bei nafuu. Kinachomshinda mama huyu ni kwamba dawa inadai hela kila siku, milele, kwa ugonjwa usiouma, na mfuko wake unajazwa na kukauka ndani ya saa 24. Mtu mwenye mshahara na bima hununua za miezi mitatu, anasahau. Wote wawili wataandikwa "yuko kwenye dawa".

Kabla ya kuuamini mlolongo wowote, hata hivyo, ni lazima uangalie mashine. Utaratibu wa tafiti zile unataka mtu apumzike, apimwe mara tatu, na wastani uchukuliwe kwa vipimo viwili vya mwisho. Zahanati yenye mhudumu mmoja na watu sitini mlangoni haipimi hivyo. Mtu anaingia akihema, anavishwa kitambaa kilekile wanachovishwa wote, na kama mkono wake ni mnene, kitambaa kidogo kitasoma presha juu kuliko ilivyo. Kwenye makambi ya upimaji bure viwanjani ni hivyohivyo, pamoja na muziki. Napenda makambi yale kwa hamasa yake, lakini takwimu zake sizichukui: anayekuja ni aliyependa kuja, na aliyepimwa haulizwi mwezi unaofuata yuko wapi.

Kuna mtego mwingine, huu wa hesabu, ambao waandishi wa ripoti wanaujua na wasomaji hawaujui. Chukua mfano wa kubuni. Mkoani, asilimia 20 ya wagonjwa wenye kipato cha juu presha yao imedhibitiwa, na asilimia 5 ya maskini. Mradi unakuja, miaka mitatu inapita, wa juu wanafika 40 na wa chini 15. Usawa umeongezeka au umepungua? Ukigawanya, tajiri alikuwa na nafasi mara nne, sasa ni chini ya mara tatu, pongezi. Ukitoa, tofauti ilikuwa 15, sasa ni 25; aibu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Anayeandika ripoti huchagua inayompendeza mfadhili. Dawa yake ni kuchapisha zote mbili, pamoja na idadi ya watu walio nyuma ya kila asilimia, na kumwacha msomaji aamue. Mimi, nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua tofauti ya kutoa, maana maiti hazihesabiwi kwa uwiano.

Na maskini ni nani? Tafiti zetu humpanga mtu kwenye matabaka matano ya utajiri kwa kuangalia mali za kaya: sakafu ya saruji au udongo, bati au nyasi, redio, baiskeli, choo. Njia hii, iliyoenea baada ya kazi ya Filmer na Pritchett mwaka 2001, iliokoa watafiti na adha ya kuuliza kipato, ambacho hakuna anayekisema kweli. Lakini kwa umri wa makamo ina tundu kubwa. Bati lilipauliwa miaka kumi na tano iliyopita mzee alipokuwa na kazi. Leo kiwanda kimefungwa na bati bado liko juu. Utajiri unahesabiwa kwa nyumba, ilhali mke anaweza kulala chini ya bati hilohilo asiwe na nauli ya kufika kliniki bila kuiomba. Na hakuna swali la madeni. Mtu mwenye televisheni, friji na mikopo mitatu ya kausha damu anayesakwa na vijana wa kukusanya marejesho kila Ijumaa atawekwa tabaka la nne, na presha yake itachunguzwa kwa maswali kuhusu chumvi.

Hapo ndipo ustawi unapoingia. Tafiti za Whitehall za Uingereza, ya kwanza ikianza 1967 na ya pili 1985 kwa watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 wa miaka 35 hadi 55, zilionyesha ngazi isiyokatika: kila cheo kilivyoshuka, vifo na magonjwa ya moyo yalipanda. Michael Marmot na wenzake waliona kwamba sigara na mafuta vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, na kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe kulikuwa na mchango wake. Kinachonigusa zaidi ni jambo lisilotajwa sana. Watu wale wote walikuwa na ajira ya kudumu, mshahara, na matibabu ya bure. Ngazi ilikuwepo hata hivyo. Kwa hiyo anayetarajia kwamba bima ya afya peke yake itafuta tofauti kati ya mkurugenzi na mlinzi wa getini anajidanganya. Itapunguza vifo, na hiyo ni sababu tosha ya kuipigania, lakini ngazi itabaki.

Somo la pili kutoka nje ni la Marekani. Mwaka 2015 Anne Case na Angus Deaton walionyesha kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa miaka 45 hadi 54 vilikuwa vimeongezeka tangu 1999, hasa kwa wenye elimu ndogo, kwa dawa za kulevya, pombe, ini na kujiua. Nchi yenye takwimu kuliko zote ilikaa zaidi ya muongo mmoja bila kuliona hilo, kwa sababu wastani wa taifa uliendelea kupendeza. Lilionekana siku mtu alipogawanya kwa umri na elimu.

Kwetu, hisia za makamo hazina dodoso kabisa. Mwanamke wa miaka 50 anayeamka usiku ametota jasho, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, ataambiwa na majirani ni presha, na zahanati nayo huenda ikamwandikia dawa ya presha bila neno lolote kuhusu ukomo wa hedhi. Mwanaume aliyepunguzwa kazi akiwa na miaka 50, mitano kabla ya umri wa kustaafu kwa hiari, anahamia kwenye kilabu cha pombe na jamii inasema amelogwa au amelegea. Haya yanaweza kuulizwa kwa maswali machache tu: unalala vipi, una mtu wa kumwambia shida yako, deni linakukosesha usingizi? Hayahitaji maabara.

Saratani ya mlango wa kizazi inaonyesha kwa ukatili zaidi jinsi kizazi kimoja kinavyoweza kurukwa. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote Tanzania mwaka 2018 kwa mabinti, Kenya mwaka 2019. Ni habari njema kwa binti wa miaka 14. Mama yake, mwenye miaka 42, hakuipata na hataipata. Kinga yake ni kupimwa. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kufika 35 na tena kabla ya 45. Kipimo cha kupaka siki kinafanyika kituo cha afya kwa dakika chache, na muuguzi aliyefunzwa anatosha. Bado wengi wanaofika Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, wanafika wakati kilichobaki ni kutuliza maumivu. Wanawake walio kwenye kliniki za VVU hukumbushwa kupima kama sehemu ya ufuatiliaji wao. Jirani zao wasio na VVU hawana wa kuwakumbusha.

Hilo linatuleta kwenye jambo lisilostarehesha. Katika Afrika Mashariki ya leo, mgonjwa sugu anayehudumiwa vizuri kuliko wote ni mwenye VVU. Ana kadi, ana namba, ana tarehe ya kurudi. Dawa ni bure tangu kampeni za katikati ya miaka ya 2000. Asipotokea, anapigiwa simu au mtu anatumwa kwake. Huko Agincourt, Afrika Kusini, utafiti wa HAALSI ulioandikisha watu 5,059 wa miaka 40 na kuendelea uligundua kwamba walio ndani ya huduma za VVU walikuwa na hali nzuri zaidi ya presha na sukari. Huduma inayokukamata kwa ugonjwa mmoja hukuona kwa mingine.

Basi njia ya kupunguza pengo tunayo, imejengwa, na inafanya kazi katika jengo lile la CTC, la pili kutoka kushoto. Imeshajaribiwa pia. Mradi wa SEARCH, katika jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, ulichukua kampeni za kupima VVU ukaziongezea presha na sukari na kumfuatilia mgonjwa kwa upole. Baada ya miaka mitatu presha ilidhibitiwa kwa asilimia 47 ya wenye tatizo hilo, dhidi ya 37 katika jamii za kulinganisha. INTE-AFRICA, katika vituo vya Tanzania na Uganda, uliweka wagonjwa wa VVU, presha na kisukari kwenye kliniki moja, foleni moja, na matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba wenye VVU hawakudhurika kwa kuchanganywa. Wengi waliogopa unyanyapaa. Nadhani foleni moja inaupunguza, maana hakuna anayejua nani kaja kwa nini.

Upande wa magharibi mwa Kenya, mpango wa afya wa AMPATH ulijaribu kitu kinachofanana na vicoba vyetu: wagonjwa wa presha na sukari wakae kwenye vikundi, wapimwe pamoja, waweke akiba pamoja. Presha ilishuka kwa wote, hata kwa waliopata huduma ya kawaida. Ilishuka zaidi kidogo kwa wenye vikundi na akiba, ila tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati. Wengine wanasoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi naona jambo moja: kwamba kumfuatilia mtu kwa uhakika, hata kwa njia ya kawaida, tayari ni tiba.

Kenya iliwapa wahudumu wa jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari mwezi Septemba 2023. Ni hatua kubwa kwenye kujua, na nina wasiwasi nayo kwa sababu hiyohiyo. Kumwambia mtu ana presha katika kijiji ambacho zahanati yake haina dawa ni kumpa hofu bila tiba. Bima nazo zimekwama kwenye mdundo wa kipato. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa (CHF) wa Tanzania ulikuwa ukitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, bei iliyobebeka, lakini mwanachama akikuta rafu tupu kadi yake haikusaidia kwenye duka la dawa. Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni mwaka 2023. Kenya, tangu Oktoba 2024, inamtoza mwenye mshahara asilimia 2.75 na asiye na mshahara kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ila huyu wa pili alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayenunua dawa za siku kumi aliambiwa anunue bima ya siku 365. Mwaka 2025 ilibidi serikali ibuni mpango wa kulipa polepole.

Sasa jengo lenyewe la pili kutoka kushoto limetikisika. Kliniki za VVU zilijengwa kwa kiasi kikubwa na fedha za mpango wa PEPFAR wa Marekani ulioanza 2003, na Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa. Wahudumu wengi waliolipwa na miradi walirudi nyumbani. Kenya imeanza kuhamishia wagonjwa wa VVU kwenye huduma za jumla za wagonjwa wa nje, na mazungumzo ya namna hiyo yapo kwingine. Kwenye karatasi, huo ndio muungano ambao watafiti wamekuwa wakiuomba. Lakini kuunganisha kunaweza kwenda pande mbili. Mgonjwa wa presha anaweza kupata namba, tarehe ya kurudi, simu akikosa, na dawa za miezi mitatu mkononi. Au mwenye VVU anaweza kupangwa kwenye foleni ya jumla, alipie kumwona daktari, na siku dawa zikikosekana apewe karatasi akanunue nje. Bajeti za dawa za wilaya za mwaka huu na ujao ndizo zitakazoamua ni upande gani, na hazijagawanywa kwa umri wala kwa kipato.